Maisha ya Padre George Herbert, Mtunga Mashairi ya Ibada

Waalimu wengi wa parokia zetu wanayo daftari iliyofichwa sandukuni, na ndani yake mna mashairi waliyoyatunga kwa ajili ya Mungu. Hawajui kama yafaa kupigwa chapa, au kama yafaa kutiwa motoni. Kwa ajili yao nimechagua kuandika habari za padre mmoja wa Uingereza, ambaye shauri hilo hilo lilimkuta alipokuwa akingojea mauti.

George Herbert alizaliwa tarehe 3 Aprili 1593 katika mji wa Montgomery, nchi ya Wales, katika jamaa ya watu wakubwa. Baba yake alifariki mwaka 1596, akamwacha mama, Magdalen, na watoto kumi wa kulea. Mama huyo alikuwa mtu wa akili na wa sala, na mshairi mashuhuri John Donne alikuwa rafiki wa nyumba yake. Kijana alisoma Westminster, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko, mwanzoni mwa mwaka 1610, hajatimiza bado miaka 17, alimwandikia mama yake barua pamoja na mashairi mawili. Alisikitika kwamba watunzi wa siku zile walitumia ufundi wao wote kusifu mapenzi ya wanawake, akaazimu kuutoa ushairi wake uwe wakfu kwa Mungu.

Lakini azimio la ujana ni jambo moja, na njia za dunia ni jambo jingine. Mwaka 1620 akafanywa Msemaji wa Chuo Kikuu, kazi ya kuandika na kunena Kilatini mbele ya mfalme na wageni wake. Wale waliotangulia katika kazi hiyo walipanda wakawa wakubwa wa serikali, naye Herbert alitamani kupanda vile vile. Mwaka 1624 aliketi katika Bunge. Kisha wakuu waliompenda wakafa, na Mfalme James mwenyewe akafariki mwaka 1625, mlango ule ukafungwa. Wako wasemao kwamba alimgeukia Mungu kwa kukosa cheo tu. Mimi sioni hivyo, maana ahadi aliyompa mama yake ilitangulia cheo kwa miaka kumi. Ila ilikuwa imelala.

Akapewa ushemasi, na mwaka 1626 akapewa riziki ya kanisa la Leighton Bromswold, ambalo lilikuwa limebomoka. Alitafuta fedha kwa rafiki zake hata likajengwa tena. Mama yake alifariki mwaka 1627. Ndipo Herbert akatoa mashairi ya Kilatini na Kiyunani ya kumwombolezea, yakapigwa chapa pamoja na mahubiri ya Donne. Lakini mashairi yake ya Kiingereza, yale aliyomtungia Mungu, hayakupigwa chapa siku zote za uhai wake.

Mwaka 1629 alimwoa Jane Danvers, na mwaka 1630 akawekwa kuwa padre wa Bemerton, kijiji kilicho karibu na mji wa Salisbury. Kanisa lake ni dogo sana, wala halikuwa mahali pa mtu atafutaye sifa. Alilitengeneza, akasali humo kila siku asubuhi na jioni, na watu wa shamba wakaja kusali pamoja naye. Mara mbili kwa juma alikwenda kwa miguu mpaka kanisa kuu la Salisbury kusikiliza waimbaji, kwa kuwa alipenda muziki mno, na mwenyewe alijua kupiga ala za nyuzi. Siku moja njiani alimkuta maskini ambaye farasi wake ameanguka na mzigo. Akavua joho lake, akamsaidia kushusha mzigo na kuupakia tena, akafika kwa wenzake wa muziki amejaa matope. Wenzake wakashangaa, yeye akaona amepata jambo jema la kukumbuka usiku wa manane.

Hapa waalimu wenzangu wanivumilie kidogo. Katika siku hizo Herbert aliandika pia kitabu cha kazi za padre wa shamba, na ndani yake mna sura juu ya kufundisha katekisimu. Aliona kwamba wengi huisema kama kasuku, pasipo maana kuingia moyoni. Kwa hiyo akashauri mwalimu ageuze mpango wa maswali, abadili na maneno, na mtu akikwama amwongoze kwa mambo anayoyajua ya nyumbani na ya shambani, mpaka jibu limtoke mwenyewe. Tena aliona kwamba penye mahubiri mtu aweza kusinzia, lakini akiulizwa swali hana budi kuonyesha alivyo. Niliposoma hayo niliona haya, nikikumbuka madarasa niliyofurahia kwa sababu majibu yalitoka upesi kwa sauti moja.

Nayo mashairi yakaendelea kwa siri. Mengine aliyapanga kwa mistari mirefu na mifupi hata yakachukua sura ya madhabahu, au ya mabawa. Mengi ni ugomvi kati ya roho na Bwana wake: mtumishi analalamika, anataka kutoroka, kisha anaitwa na kurudi. Nadhani ndiyo sababu hakuyatoa upesi, maana si rahisi padre kuonyesha watu wake siku alizomnung'unikia Mungu.

Ugonjwa wa kifua ulimmaliza kabla hajatimiza miaka 40. Izaak Walton, aliyeandika habari zake mwaka 1670, asimulia kwamba mgonjwa alimpa Padre Edmund Duncon kitabu kidogo cha mkono, akipeleke kwa Nicholas Ferrar, shemasi aliyekaa na jamaa yake katika maisha ya sala huko Little Gidding. Ferrar akisome, akiona chaweza kumfaa mtu mmoja mnyonge aliyevunjika moyo, akitoe, kama sivyo, akichome. Herbert akafariki tarehe 1 Machi 1633.

Ferrar hakukichoma. Kikanakiliwa kwa mkono mzuri, kikapelekwa Cambridge kuombewa ruhusa. Walton asema Makamu Mkuu wa Chuo alisita kwa sababu ya mistari miwili juu ya dini kuondoka Uingereza kwenda Amerika, maana siku zile watu walikuwa wakihamia huko kwa ajili ya imani. Ferrar akakataa kuifuta hiyo mistari, na ruhusa ikatolewa. Mwaka ule ule wa 1633 kikatoka, kitabu kidogo cha kushikwa mkononi, kiitwacho The Temple, maana yake Hekalu. Kufika mwaka 1670, asema Walton, vilikwisha kuuzwa zaidi ya 20,000. Miaka mingi baadaye kilimfikia William Cowper, kijana aliyezama katika huzuni ya akili, akapata faraja humo. Naye akaja kuwa mmoja wa watunzi wawili wa Nyimbo za Olney za mwaka 1779. John Wesley naye aliyageuza baadhi ya mashairi hayo yapate kuimbwa.

Kitabu cha padre wa shamba kilitoka mwaka 1652. Karatasi nyingine zilibaki kwa mjane, aliyeolewa tena, na Walton asema ziliteketea nyumba yao ya Highnam ilipochomwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nakala ya Little Gidding ipo hata leo katika maktaba ya Bodleian, Oxford, na mbele yake zimo sahihi za wakubwa wa Cambridge waliotoa ruhusa. Iko na nyingine, ya zamani zaidi, yenye baadhi tu ya mashairi, na katika hiyo mkono wa Herbert mwenyewe waonekana, umekata neno na kuandika jingine.