Wiley Post

Wiley Post (22 Novemba 1898 – 15 Agosti 1935) alikuwa rubani wa Marekani. Ndiye mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa ndege akiwa peke yake. Anakumbukwa pia kwa vazi na kofia ya shinikizo la hewa, vilivyotangulia mavazi ya wanaanga.

== Maisha ==
Alizaliwa Texas akakulia Oklahoma. Mwaka 1926 alipoteza jicho la kushoto katika ajali kwenye visima vya mafuta. Fidia aliyolipwa aliitumia kununua ndege yake ya kwanza.

Mwaka 1931 aliizunguka dunia pamoja na Harold Gatty kwa ndege iliyoitwa Winnie Mae. Mwaka 1933 alirudia safari hiyo peke yake kwa siku 7, saa 18 na dakika 49.

== Vazi na kofia ==
Post alitaka kuruka juu zaidi, ambako hewa ni nyepesi na ndege huenda kasi. Lakini huko binadamu hawezi kuishi bila msaada, na Winnie Mae, iliyojengwa kwa plaiwudi, haikuweza kuhifadhi shinikizo la hewa ndani yake. Kwa hiyo aliamua kulihifadhi shinikizo hilo ndani ya vazi.

Mwaka 1934 alishirikiana na Russell Colley, mhandisi wa kampuni ya B.F. Goodrich. Vazi la kwanza liliharibika katika majaribio. La pili lilimbana hata ikabidi likatwe ili atoke. La tatu lilifaa: lilikuwa na mfuko wa mpira wa kushika hewa, na juu yake kitambaa kigumu cha kuuzuia usivimbe. Lilitengenezwa kwa umbo la mtu aliyeketi, kwa sababu vazi likijaa hewa hukakamaa.

Kofia yake ya alumini ilikuwa na kidirisha cha mviringo, ambacho rubani alikifunga mwenyewe akifika karibu mita 5,200. Tarehe 5 Septemba 1934 alifika takriban mita 12,200 juu ya Chicago. Katika safari hizo alikutana na pepo kali zinazovuma juu sana angani.

== Kifo na urithi ==
Alifariki pamoja na mchekeshaji Will Rogers ndege yao ilipoanguka karibu na Point Barrow, Alaska. Colley aliendelea na kazi hiyo, akashiriki kubuni mavazi ya wanaanga wa mradi wa Mercury.