Coleman Hawkins na Wimbo wa Mwili na Roho

Katika makala hii tunapenda tumtazame mtu ambaye hakuwa mtakatifu wala mwanafalsafa. Alikuwa mpiga saksafoni, Mmarekani mweusi, jina lake Coleman Hawkins, aliyefariki zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Tunamleta hapa kwa sababu ya santuri moja aliyoirekodi mwaka 1939, na kwa sababu ya swali ambalo santuri hiyo iliwaachia wasikilizaji. Sisi tunaojiandaa kusimama mbele ya watu na kuwahubiria hatuwezi kulikwepa swali hilo: je, mtu anaweza kulisema jambo alilopokea kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kulisema, na bado akawa mwaminifu kwake?

Kwetu mkoani Tanga neno jazz si geni. Wazazi na babu zetu walicheza dansi na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za Tanga mjini. Lakini muziki wa bendi zile ulikuwa wa magitaa na rumba, na jazz ilikuwa jina tu. Jazz yenyewe ilizaliwa Marekani miongoni mwa watu weusi, na Hawkins ni mmoja wa walioikuza tangu ingali changa.

Alizaliwa tarehe 21 Novemba 1904 katika mji wa St. Joseph, jimbo la Missouri, mji uliopewa jina la Mtakatifu Yosefu. Mama yake, Cordelia, alikuwa mpiga kinanda, naye ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Mtoto alianza piano akiwa na miaka mitano, akajifunza selo akiwa na saba, na alipofika miaka tisa akapewa saksafoni. Tukumbuke hiyo piano na hiyo selo, maana zitatusaidia mbele. Mtu aliyeanzia kwenye piano hausikii wimbo kama mstari mmoja tu unaopita juu. Anasikia pia sauti zilizopangwa chini yake, zile ambazo mkono wa kushoto wa mpiga kinanda wetu kanisani huzishika wakati kwaya inaimba.

Siku hizo saksafoni haikuheshimiwa. Mbelgiji Adolphe Sax alikuwa ameipatia hataza mwaka 1846, lakini katika kumbi za Marekani ilitumika sana kuchekesha watu kwa milio ya ajabu. Hawkins mwenyewe alianza kwa kupiga hivyo hivyo. Akiwa kijana wa miaka kumi na saba hivi alijiunga na kundi la mwimbaji Mamie Smith, kisha akaingia katika bendi kubwa ya Fletcher Henderson huko New York na kukaa humo hadi mwaka 1934. Mwaka 1924 bendi hiyo ilimpata mpiga tarumbeta kijana aitwaye Louis Armstrong. Alikaa nao kwa muda wa mwaka mmoja hivi tu, lakini Hawkins alimsikiliza kwa makini. Alijifunza kwake kuunganisha sauti na kuacha nafasi, na kupiga kama mtu anayesimulia jambo. Miaka michache baadaye saksafoni ya Hawkins ilikuwa na sauti nzito na pana, na vijana wa Marekani nzima wakawa wanaiga.

Mwaka 1934 alivuka bahari kwenda Uingereza kufanya kazi na bendi ya Jack Hylton. Alikusudia kukaa muda mfupi, akakaa Ulaya miaka mitano. Alipiga muziki Uholanzi, Uswisi na Ufaransa, na mwaka 1937 alirekodi Paris pamoja na mpiga gitaa Django Reinhardt. Bendi ya Hylton ilipokwenda Ujerumani ya Hitler, yeye hakuruhusiwa kuingia kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1939, vita ikinukia, alirudi nyumbani. Wengi walijiuliza kama bado ni yule yule, maana wakati yeye hayupo vijana walikuwa wameinuka.

Tarehe 11 Oktoba 1939 aliingia studio New York na bendi yake ndogo kurekodi nyimbo kadhaa. Wimbo uitwao Body and Soul, yaani Mwili na Roho, haukuwamo katika mpango. Ulikuwa wimbo wa mapenzi uliotungwa na Johnny Green mwaka 1930, na kila mtu aliyesikiliza redio aliujua. Hawkins alikuwa na kawaida ya kuupiga usiku katika klabu iitwayo Kelly's Stable, na waliosimamia kurekodi wakamsihi aupige. Hakukuwa na karatasi yoyote iliyoandikwa. Piano ilifungua kwa muda mfupi, kisha Hawkins akaanza, na hakuacha mpaka mwisho.

Santuri ile ni ya dakika tatu tu. Mwanzoni anaugusa wimbo kama unavyojulikana, kwa vipande vichache, halafu anauacha. Anauzunguka mara mbili, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kurudi tena kwenye ule mstari ambao watu waliuzoea kuuimba. Anachokifuata ni zile sauti za chini, zile alizozijua tangu akiwa mtoto kwenye piano ya mama yake. Juu yake anajenga jambo jipya, taratibu, kama mtu anayeongea kwa sauti ya chini. Kisha anapanda, anazidi kupanda, hadi karibu na mwisho sauti inafika juu kabisa, na hapo anashuka na kumaliza peke yake.

Wasikilizaji waliipokea vipi? Hapa ndipo penye ajabu. Baadhi ya wanamuziki wenzake, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, walidhani amekosea, kwamba anapiga sauti zisizo mahali pake. Lakini watu wa kawaida waliinunua santuri ile kwa wingi. Ilipigwa kwenye mashine za santuri za kutumbukiza sarafu, katika migahawa na mabaa, na watu waliokuwa hawajui lolote kuhusu jazz waliisikiliza. Hawkins alishangaa. Kwake ulikuwa usiku mwingine wa kazi, aliupiga kama alivyozoea kuupiga siku zote.

Miaka ya 1940 Hawkins alimwajiri mpiga piano kijana, Thelonious Monk, ambaye wengi walimwona wa ajabu na hawakutaka kumpa kazi. Inasimuliwa kwamba siku moja Monk alimwuliza Hawkins jambo lililokuwa likimsumbua. Angeelewa kama watu wangeipenda santuri ile kwa sababu ya wimbo walioujua. Lakini wimbo wenyewe haumo! Basi ilikuwaje hata wazee waipende? Monk, mmoja wa watu wenye masikio makali kuliko wote katika muziki ule, hakupata jibu.

Tulipokuwa likizo nyumbani Vuga, mwezi Julai, tuliipiga santuri hiyo kwenye simu jioni moja tukiwa tumekaa jikoni tunaota moto, maana baridi ya Usambara mwezi huo haina mzaha. Vijana wenzetu walivumilia dakika moja hivi, wakauliza wimbo wenyewe unaanza lini. Mzee mmoja jirani, aliyekuja kuomba moto na akabaki, hakuuliza kitu. Ilipoisha aliomba irudiwe. Hakuwahi kuusikia wimbo ule katika maisha yake, hivyo hakuwa na kitu cha kutafuta ndani yake. Alisema tu kwamba yule mtu alikuwa na habari ya kueleza, na aliimaliza.

Usiku ule ule mzee huyo alitusimulia habari za Mbegha. Kila aliyekulia Vuga ameisikia: mwindaji aliyetoka Nguu, aliyekataliwa na ndugu zake, aliyewagawia watu wa milimani nyama ya nguruwe mwitu, aliyeua simba na kufanywa mtawala, ambaye ukoo wake wa Wakilindi ulitawala kutoka hapa Vuga. Tumeisikia kwa wazee wengi, na hakuna wawili wanaoisimulia sawasawa. Mmoja hurefusha safari ya porini, mwingine hukaa sana kwenye simba. Huyu wa jioni ile alikaa kwenye nyama, jinsi ilivyogawiwa na nani alipata nini. Hata hivyo hakuna aliyenyanyuka kusema hiyo si habari ya Mbegha. Sote tuliitambua. Angebadilisha mifupa ya habari yenyewe, kwa mfano kumfanya Mbegha mnyang'anyi badala ya mgawaji, watoto wangekuwa wa kwanza kumpinga.

Tukiwa wanafunzi wa falsafa, tulikumbuka somo tulilofundishwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, anatufundisha kwamba roho ni umbo la mwili. Umbo hapa si sura ya nje. Ni kile kinachokifanya kitu kiwe kile kilivyo. Mtu hukua, hunenepa, huzeeka, hubadilika sura hata rafiki asimtambue barabarani, lakini ni yule yule. Tunadhani Hawkins aliutendea hivyo wimbo wenye jina la Mwili na Roho. Aliuacha uso wake, akashika kile kinachoufanya uwe wimbo ule. Wanamuziki waliodhani amekosea walikuwa wakiutazama uso. Wazee waliomsumbua Monk walisikia mtu anayeanza jambo na kulifikisha mwisho.

Hatusemi kwamba kila anayeacha yaliyozoeleka ni mwaminifu. Hawkins aliweza kuuacha wimbo kwa sababu aliujua mpaka chini kabisa. Asiyeijua mifupa akitupa ngozi, anabaki mikono mitupu. Tumeyaona hayo hata katika mahubiri ya mazoezi tunayofanyishwa, na tuwe wakweli, tumeyafanya sisi wenyewe: kuacha Injili ya siku kwa kupenda kusema jambo jipya, na wasikilizaji kuondoka bila ya zamani wala jipya.

Lakini kuna kosa la upande wa pili pia, na maisha ya Hawkins yanalionyesha. Alipoondoka katika bendi ya Henderson mwaka 1934, nafasi yake alipewa Lester Young, kijana mwenye sauti nyepesi na laini. Wenzake walilalamika kwamba hasikiki kama Hawkins, na mke wa Henderson alikuwa akimpigia santuri za Hawkins ili ajifunze. Baada ya miezi michache Young aliondoka, akaja kuwa mmoja wa wakubwa wa saksafoni kwa sauti ile ile waliyoikataa. Hawkins naye, baada ya mwaka 1939, kila alikokwenda watu walidai wimbo ule, tena kama ulivyo kwenye santuri. Mwimbaji Eddie Jefferson alitunga maneno juu ya kila sauti aliyoipiga, kana kwamba yale yaliyobuniwa papo hapo yamekuwa wimbo mpya wa kukaririwa. Hawkins aliendelea kuupiga, lakini kila mara upya. Mwaka 1944 alichukua msingi ule ule, akajenga juu yake jambo lingine na kulipa jina la Rainbow Mist.

Mwaka huo huo aliwaita studio vijana wa muziki mpya, akiwemo Dizzy Gillespie na Max Roach, wakati watu wengi wa rika lake waliwacheka. Mwaka 1948 alirekodi Picasso, saksafoni peke yake bila chombo kingine. Alikuwa ameshafika mahali ambapo wengine hukaa na kuvuna sifa, yeye akaenda kukaa na wanaoanza.

Miaka yake ya mwisho haikuwa mizuri. Alikunywa pombe sana, alikula kidogo, mwili ukakonda. Alifariki New York tarehe 19 Mei 1969, akiwa na miaka 64. Mwaka 2004 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka santuri yake ya Mwili na Roho miongoni mwa sauti za kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Mpendwa msomaji, ukipata dakika tatu, isikilize. Usiutafute wimbo. Sikiliza kama yule mzee wa Vuga, aliyekuja kuomba moto. Kisha jiulize, kama nasi tunavyojiuliza, ni lini mara ya mwisho ulisema jambo unaloliamini kwa maneno yako mwenyewe, na waliokuzunguka wakalitambua.