Wankel: Injini Inasawazishika, Mtu Je?

Sisi wa uhandisi mitambo tunamjua Felix Wankel kwa injini yake tu. Kwenye noti ana mstari mmoja, na pepa likiisha tunamsahau. Mimi naona anastahili zaidi ya mstari mmoja, tena si kwa sifa peke yake.

Alizaliwa mwaka 1902 mjini Lahr, Ujerumani. Baba yake, ofisa misitu, aliuawa mwanzoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia. Fedha zikakosekana, na 1921 kijana akaacha shule. Chuo kikuu hakusoma kabisa. Alifanya kazi kwenye kampuni ya vitabu Heidelberg, na 1924 akafungua karakana yake. Macho yake yalikuwa mabovu, hata leseni ya udereva hakuwahi kuwa nayo. Kumbe huyo ndiye aliyepata hataza ya injini ya mzunguko mwaka 1929.

Wazo lake lilikuwa rahisi. Pistoni hupanda, husimama, hushuka, husimama tena, na hapo ndipo injini inapotikisika. Wankel alitaka kila kipande kizunguke tu. Mwaka 1951 aliingia mkataba na kampuni ya NSU, na tarehe 1 Februari 1957 injini yake ikawaka. Ndani yake rota na nyumba yake vyote vilizunguka, kila kimoja kwenye mhimili wake, kwa hiyo mtetemo haukuwa na pa kutokea. Tatizo ni kwamba kubadilisha plagi kulitaka ufumue injini. Mhandisi wa NSU, Hanns Dieter Paschke, akaigeuza: nyumba ikatulia, na rota ya pembetatu ikazunguka juu ya sehemu ya shafti iliyo nje ya kitovu. Wankel hakufurahi hata kidogo. Lakini ndo hiyo iliyoingia kwenye NSU Ro 80 na Mazda Cosmo mwaka 1967.

Alikuwa na sababu ya kununa. Rota ikikaa nje ya kitovu inaivuta shafti upande mmoja. Chukua Mazda 13B, ambayo watu wanaojijengea ndege ndogo, hasa Marekani, huifumua, kuiunda upya na kuifunga kwenye ndege zao. Umbali kutoka kitovu ni milimita 15. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, rota moja ikimzidi mwenzake gramu 10 tu, ziada hiyo inavuta kwa nyutoni kama 59, sawa na uzito wa kilo 6 unaozungushwa mara 100 kila sekunde. Kwenye gari utalalamika na kuegesha pembeni. Angani utaegesha wapi?

Ndiyo maana rota zenyewe zina herufi ya daraja la uzito, na fundi makini huzipima tena. Rota mbili za 13B zinatazamana nyuzi 180, hivyo mivuto yao inafutana. Ila haziko kwenye mstari mmoja, kwa hiyo zinaitikisa shafti kama pembea ya watoto. Dawa ni kuweka uzito wa kusawazisha mbele na nyuma. Mjenga ndege akiitupa flaiwili yenye uzito wa nyuma bila kuweka mbadala, ametupa nusu ya mizani. Uzuri ni kwamba hapa kila kitu kinazunguka, basi uzito sahihi mahali sahihi unamaliza tatizo lote. Pistoni moja huwezi kuifanyia hivyo.

Sasa upande ambao noti zetu hazisemi. Wankel alijiunga na makundi ya chuki dhidi ya Wayahudi akiwa bado kijana mdogo, na 1922 akaingia chama cha Hitler. Mwaka 1933 alifungwa miezi kadhaa, si kwa kuupinga Unazi, bali kwa kugombana na kigogo wa chama jimboni Baden. Hitler mwenyewe alihusika kumtoa. Kuanzia 1936 karakana yake ya Lindau ililipwa na Wizara ya Anga ya utawala huo, akishughulikia vali na sili za injini za ndege za kivita. Mwaka 1940 aliingia SS, akaondolewa 1942. Vita ilipoisha Wafaransa waliibomoa karakana na kumfunga.

Baadaye dunia ilimsamehe haraka. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kilimpa udaktari wa heshima. Mwaka 1971 kampuni yake ilinunuliwa na Lonrho, ileile iliyomiliki gazeti la Standard la Kenya na ambayo Tanzania ilitaifisha mali zake 1978. Alifariki Heidelberg mwaka 1988.

Wapo wanaosema injini imefuta yote. Mimi nakataa, kwa kanuni ileile ya mizani: uzito unasawazisha ukikaa upande wa pili wa kosa. Ujuzi wa sili, ambao bila huo rota isingefanya kazi, aliukuza kwa fedha za Lindau. Injini na aibu vilikaa upande mmoja wa shafti.

Wenzangu wa mwaka wa mwisho, kesho tutaitwa kazini, na mahesabu tutayaweza. Tuulize pia nani analipa, na ndege hiyo inakwenda kumfanya nani nini.