Gary Kildall: Mwasisi wa BIOS asiyefahamika na wengi

Na Mwandishi Wetu

KOMPYUTA inapowashwa katika duka la steshenari mjini Bariadi, mkoani Simiyu, jina linalowajia watu haraka ni la Bill Gates. Ni wachache wanaomfahamu Gary Kildall, Mmarekani aliyebuni njia ya kuiwezesha programu moja kufanya kazi katika mashine za aina nyingi.

Kildall alizaliwa Mei 19, 1942 jijini Seattle, katika familia iliyokuwa ikiendesha shule ya ubaharia. Mwaka 1972 alitunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Washington, wakati huo akiwa mwalimu katika chuo cha uzamili cha Jeshi la Majini mjini Monterey, California.

Mwaka 1974 alitengeneza CP/M, mfumo endeshi wa kompyuta ndogo. Mwaka huohuo Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, hivyo matunda ya kazi yake yalichelewa kuwafikia Watanzania.

Tatizo alilolikabili lilikuwa kubwa. Kila kiwanda kilitengeneza mashine yake kwa namna yake: diski, kibodi na vioo vilitofautiana. Mwandishi wa programu alilazimika kuijua mashine moja kwa undani, na kazi yake haikufaa kwingine.

Kildall aliugawa mfumo wake. Sehemu inayofahamu vifaa vya mashine husika aliitenga na kuiita BIOS, na sehemu iliyobaki haikuhitaji kubadilishwa. Mwenye mashine mpya aliandika BIOS yake tu, na programu zilizokuwapo zikaendelea kufanya kazi.

Katika toleo la pili la CP/M, lililotoka mwaka 1979, aliongeza jedwali linaloeleza sifa za kila diski: idadi ya sekta katika kila mzunguko, ukubwa wa hifadhi na nafasi ya orodha ya mafaili. Programu iliyokuwa ikiendeshwa iliweza kuuomba mfumo ulielekeze lilipo jedwali hilo na kulisoma yenyewe, badala ya kubahatisha aina ya diski iliyofungwa.

Yeye na mkewe, Dorothy, walianzisha kampuni ya Digital Research katika mji wa Pacific Grove, na CP/M ikaenea katika kompyuta ndogo za wakati huo.

Mwaka 1980 IBM ilihitaji mfumo endeshi kwa ajili ya kompyuta yake binafsi. Wajumbe wake walipofika, Kildall alikuwa amesafiri kwa ndege yake kwenda kwa mteja, na mazungumzo yakakwama kwenye mkataba wa kutunza siri. Baadaye ilisimuliwa kwamba aliiacha bahati kwa ajili ya starehe, simulizi ambayo aliipinga hadi mwisho.

Microsoft ilinunua mfumo wa Tim Paterson, ambao namna yake ya kupokea maombi ya programu ilifuata ile ya CP/M, na ukawa MS-DOS. IBM ilikubali pia kuuza CP/M-86, lakini kwa takriban dola 240, huku mfumo wa Microsoft ukiuzwa dola 40. Wanunuzi walichagua wa bei nafuu.

Kildall aliendelea kubuni na kuwa miongoni mwa watangazaji wa kipindi cha televisheni cha Computer Chronicles. Mwaka 1991 Digital Research iliuzwa kwa kampuni ya Novell.

Alifariki dunia Julai 11, 1994 akiwa na umri wa miaka 52, siku chache baada ya kuumia kichwa mjini Monterey.

Mwaka 2014 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliweka kibao cha kumbukumbu mbele ya nyumba iliyokuwa ofisi yake Pacific Grove. Teknolojia ya UEFI imechukua nafasi ya BIOS katika kompyuta mpya, lakini mafundi wengi bado huiita kwa jina alilolianzisha Kildall.