Joy Adamson: Mama wa Elsa aliyefundisha simba wa nyumbani kurudi porini

Hapa Githongo biashara ya kuzalisha mbwa imeshika. Ukipita njia za mashamba ya majani chai jioni, unawasikia wakibweka vibandani, na si wote wanaoona jua. Mwaka jana nilimchukua mmoja, jike wa German Shepherd aliyekuwa amezalishwa mfululizo mpaka mbavu zikahesabika. Mwenyewe alinipa bure, ati hazai tena, anamaliza tu chakula. Wiki ya kwanza nilimwachia mlango wazi na hakutoka. Alijikunyata kwenye kona kama vile bado yuko kibandani.

Sikujua la kufanya. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hata ningemaliza, kozi yangu haikuwa ya mifugo. Basi nikaanza kusoma usiku kwa simu, na kila nilipobonyeza nikakutana na jina la mama mmoja aliyeishi huku kwetu Meru. Jina lake Joy Adamson.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, ambao siku hizi unaitwa Opava na uko Jamhuri ya Czech. Wazazi walimwita Friederike Victoria Gessner. Mwaka wa 1937 mume wake wa kwanza, aliyekuwa Myahudi, alimtuma Kenya atangulie kutazama kama wangeweza kuhamia huku, maana Wanazi walikuwa wanatisha kule Ulaya. Melini akakutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea. Ndoa ya kwanza ikavunjika, akaolewa na Bally, na huyo Bally ndiye aliyempa jina la Joy. Ndoa hiyo nayo haikudumu. Mwaka wa 1944 akaolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori wa upande wa kaskazini, aliyekuwa na kituo chake Isiolo.

Wengi hawajui kwamba kabla ya simba, Joy alikuwa mchoraji. Alichora mimea, kisha serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi yao ya asili. Alichora picha zaidi ya 600, na nyingi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Nairobi. Kama hujawahi kuziona, nenda. Mavazi mengine mle ndani hata wazee wetu wameyasahau.

Sasa twende kwa Elsa. Tarehe 1 Februari 1956, George alikuwa kazini alipovamiwa na simba jike, akampiga risasi. Baadaye akagundua kwamba simba yule alikuwa analinda watoto wake watatu, wadogo kabisa. Akawabeba nyumbani. Joy akawalea kwa maziwa ya chupa. Walipokua, wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam kule Uholanzi. Aliyebaki ni yule mdogo kuliko wote, Elsa.

Elsa alilelewa kama mtoto wa nyumbani. Alilala ndani, alipanda juu ya gari, hata pwani ya Bahari ya Hindi walimpeleka. Lakini alipokomaa, swali likawa moja: apelekwe Ulaya akaishi nyuma ya vyuma kama ndugu zake, au arudishwe porini? Wakati ule wengi waliona simba aliyelelewa na watu hawezi kuishi mwenyewe. Akiachwa atakufa njaa, ama atawafuata watu na kuleta maafa.

Joy na George wakaamua kujaribu. Jaribio la kwanza, kule Maasai Mara, halikufaulu. Elsa aliugua na kukonda. Wakamleta huku Meru, karibu na mto Ura. Kazi haikuwa kufungua mlango na kusema kwaheri. Walimfundisha polepole. George alipiga mnyama, Elsa akajifunza kumng'ang'ania na kummaliza. Wakawa wanamwacha peke yake siku kadhaa, kisha wanarudi kumtazama. Wakimkuta ana njaa, wanamlisha na kuanza tena. Ilichukua miezi, na mwishowe Elsa akaweza kuwinda mwenyewe. Desemba 1959 akazaa watoto watatu na simba dume wa porini. Majuma machache baadaye aliwavusha mto, akamletea Joy awaone.

Raha hiyo haikukaa. Januari 1961 Elsa alikufa kwa babesia, ugonjwa unaoletwa na kupe. Wafugaji wanaujua, maana jamii yake huua ng'ombe na mbwa pia. Alikuwa na miaka mitano tu. Watoto wake, bila mama wa kuwafundisha, wakaanza kula mbuzi wa wanakijiji, na wanakijiji hawakuwa na makosa kukasirika. Ikabidi wakamatwe na kuhamishiwa Serengeti, Tanganyika.

Kitabu cha Joy kuhusu Elsa, Born Free, kilitoka mwaka wa 1960 na kusomwa dunia nzima. Filamu yake ilitoka 1966, ikiwa imepigwa Naro Moru, upande ule mwingine wa Mlima Kenya. Pesa za vitabu zilikwenda kwa wanyamapori, ikiwemo mbuga yetu ya Meru.

Baadaye Joy akaletewa Pippa, duma aliyelelewa nyumbani na familia ya afisa wa jeshi wa Uingereza iliyokuwa inaondoka Kenya. Pippa naye akafundishwa hapa Meru, akazaa porini mara nne. Alikufa 1969. Kisha Joy akahamia Shaba na kuanza upya na chui aitwaye Penny.

Lakini tusimpake asali. Waliomjua wanakubaliana kwamba Joy alikuwa mkali kwa watu. Aligombana na mumewe mpaka wakaishi mbalimbali, na wafanyakazi hawakudumu kwake. Tarehe 3 Januari 1980 alikutwa ameuawa karibu na kambi yake Shaba. Habari za kwanza zilidai ni simba. Kumbe alikuwa amedungwa, na mfanyakazi wake wa zamani akahukumiwa kwa mauaji hayo. Sehemu ya majivu yake ilinyunyizwa kwenye makaburi ya Elsa na Pippa, ndani ya Mbuga ya Meru.

Hiyo sehemu ya ukali ilinisumbua. Nilikuwa nimeshaanza kumchukia yule jamaa wa vibanda, nikitaka kumwanika mtandaoni na picha. Badala yake nilimwendea na kumweleza kwamba Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Tulibishana sana. Vibanda bado viko, ila sasa anawafungulia mbwa asubuhi, na nimemwambia nitazidi kupita.

Mbwa wangu nilimfundisha kama Elsa, ila kwa kugeuza: yeye si wa porini, alihitaji kujifunza kuamini mtu. Siku ya kwanza hatua mbili nje ya mlango, kesho tano. Mwezi wa tatu akafika getini mwenyewe. Nimemwita Makena, jina la furaha, sawa tu na Joy. Shosho alinuna, ati jina la binti wa watu haliitwi mbwa. Siku hizi yeye ndiye anamwita kwa sauti kubwa kuliko sisi wote.

Ukitaka kununua mbwa, omba kwanza kumwona mama yake. Ukiambiwa haiwezekani, funga mfuko wako uende.