Robert Wangila: Bondia aliyemaliza kazi kabla ya majaji kuhesabu pointi

Mjadala wa ndondi ukianza maskani, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, majina huja kwa mpangilio ule ule. Ataanza Muhammad Ali, afuate Mike Tyson, kisha vijana waanze kuvutana kuhusu Mayweather na Pacquiao. Halafu mzee mmoja aliyekuwa akiwasikiliza kimya atakohoa na kutaja jina moja tu: Wangila. Wazee wenzake wataitikia kwa kichwa. Wewe utafungua simu utafute ni nani huyo.

Kama umezaliwa baada ya mwaka 2000, huna lawama. Alipofariki dunia wewe hukuwapo. Lakini ukishajua alichokifanya utaelewa kwa nini watu wa rika la baba yako humtaja kama vile ni jirani yao wa jana. Na ukijua alivyokufa, kuna jambo utabeba, hasa kama wewe ni mmoja wa wale wanaofunga bandeji mikononi jioni na kwenda mazoezi.

Robert Napunyi Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Enzi alizokulia, ndondi za Kenya zilikuwa moto. Timu ya taifa iliitwa Hit Squad, na haikuitwa hivyo kwa mapambo. Philip Waruinge alikuwa ameleta shaba ya Olimpiki kutoka Mexico mwaka 1968, akarudi na fedha kutoka Munich mwaka 1972. Munich hiyo hiyo, Dick Murunga na Samuel Mbugua walipata shaba. Kenya ikasusia Olimpiki za 1976 na 1980, iliporudi mwaka 1984 Ibrahim Bilali akapata shaba Los Angeles. Hebu fikiria: nchi ambayo leo inajulikana kwa mbio tu, wakati ule ilikuwa ikituma mabondia na watu wanakaa wakisubiri medali.

Kilichokosekana kilikuwa kimoja, dhahabu. Hata jirani zetu Uganda walikuwa wameikaribia wakaikosa. John Mugabi alifika fainali ya uzani wa welter kule Moscow mwaka 1980 akaishia fedha. Hakukuwa na bondia Mwafrika mweusi aliyewahi kusimama juu kabisa kwenye jukwaa la Olimpiki.

Wangila alikuwa wa uzani huo huo wa welter, kilo 67. Mwaka 1987 Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika, alishinda dhahabu mbele ya watu wa nyumbani. Mwaka uliofuata akapanda ndege kwenda Seoul, Korea Kusini. Michezo ilifunguliwa tarehe 17 Septemba 1988. Alikuwa ametimiza miaka 21 wiki mbili tu kabla ya hapo. Yaani umri wa mtu ambaye leo yuko mwaka wa tatu chuoni, au anatafuta kazi bandarini na barua ya utambulisho mfukoni.

Alipenya raundi moja baada ya nyingine. Nusu fainali ilikuwa apigane na Mpoland Jan Dydak, lakini Dydak alikuwa na jeraha na hakupanda ulingoni. Wangila akaingia fainali kukutana na Mfaransa Laurent Boudouani.

Raundi ya kwanza ikapita. Ya pili ikiwa bado changa, ngumi ya Wangila ikatua na Boudouani akaenda chini. Refa akahesabu hadi mwisho. Kwisha. Dhahabu.

Ili uelewe kwa nini mashabiki wanaipenda sana ngumi ile, angalia kilichotokea kwenye ukumbi ule ule. Mmarekani Roy Jones Jr alimchapa mwenyeji, Park Si-Hun, karibu fainali nzima, lakini majaji watatu kati ya watano wakampa ushindi Mkorea. Hadi leo uamuzi huo unatajwa kama mojawapo ya dhuluma kubwa katika historia ya ndondi. Sasa mwangalie Wangila, kijana kutoka nchi isiyo na sauti kubwa katika vyumba vya wakuu wa ndondi, anamaliza kazi kwa KO. Hapo hakuna jaji wa kushawishiwa wala karatasi ya pointi ya kubishania. Mtu yeyote aliyewahi kunyimwa haki yake na mwenye kalamu anaielewa raha hiyo. Mtoto wa Kisauni aliyefanya usaili vizuri kisha kazi akapewa mpwa wa mkubwa anaielewa zaidi.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mapenzi yale. Ya pili ni upweke wa medali yenyewe. Kenya ilirudi kutoka Seoul na dhahabu tano. Nne zilitoka kwa wakimbiaji: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ni ya Wangila. Chris Sande naye alileta shaba ya ndondi, uzani wa kati. Tangu hapo, miaka inakwenda, dhahabu nyingine zote za Kenya kwenye Olimpiki zimetokana na riadha. Na tangu Wangila na Sande, hakuna bondia mwingine Mkenya aliyerudi na medali yoyote ya Olimpiki. Ukimtaja Wangila, basi, unamtaja mtu aliyefungua mlango ambao hakuna aliyepita baada yake.

Utasikia mbishi mmoja hapo maskani akisema ilikuwa rahisi, kwa sababu Cuba ilisusia Seoul na Wacuba ndio waliokuwa wafalme wa ndondi za Olimpiki. Ni kweli Cuba haikwenda. Lakini muulize huyo mbishi Boudouani alikuja kuwa nani. Mfaransa yule aliyelala chini Seoul aliingia ndondi za kulipwa, na mwaka 1996 akawa bingwa wa dunia wa WBA uzani wa juu kidogo ya welter, akaushikilia mkanda hadi 1999. Wangila hakumpiga mtu wa kuokotwa. Alimpiga bingwa wa dunia wa kesho yake.

Sasa vuta pumzi, maana hadithi inabadilika.

Baada ya dhahabu, Wangila aliingia ndondi za kulipwa na kuhamia Marekani. Usidhani ni mchezo ule ule na pesa juu yake. Pambano la Olimpiki mwaka 1988 lilikuwa raundi tatu za dakika tatu, jumla dakika tisa, na bondia alivaa kofia ya kukinga kichwa. Kwenye ndondi za kulipwa kofia hakuna, na raundi zinaweza kufika kumi au kumi na mbili. Mwili unapigwa kwa muda mrefu zaidi, usiku mmoja baada ya mwingine. Wangila alipigana mapambano 27 ya kulipwa na kushinda 22. Si rekodi mbaya hata kidogo. Lakini mkanda wa dunia haukuja, na miaka ikawa inasonga.

Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipanda ulingoni dhidi ya David Gonzalez. Pambano likafika raundi ya tisa. Kufika hapo tayari alikuwa amepigana zaidi ya dakika 24, karibu mara tatu ya pambano zima la Olimpiki. Refa akaona Wangila anapigwa bila kujibu vya kutosha, akaingia kati na kulisimamisha.

Wangila alikataa. Alilalamika kwamba pambano limesimamishwa mapema, kwamba yeye yuko sawa na anaweza kuendelea. Alishuka ulingoni akiwa bado ana kinyongo, akatembea kwa miguu yake mwenyewe hadi chumba cha kubadilishia nguo. Huko ndiko alikoanguka. Alikimbizwa hospitalini, akafanyiwa upasuaji wa ubongo, lakini hakuamka. Alifariki tarehe 24 Julai 1994. Alikuwa na miaka 26, zimebaki wiki kama sita afikishe 27. Bingwa wa Seoul akarudishwa nyumbani ndani ya jeneza.

Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo, ndugu yangu, kwa sababu wengi wetu tunaposimulia habari za Wangila tunaishia Seoul. Tunapenda ngumi ya raundi ya pili. Raundi ya tisa hatuitaji.

Sikiliza jinsi jeraha la aina hii linavyofanya kazi. Kichwa kikipigwa kwa nguvu, ubongo unatikisika ndani ya fuvu. Kati ya ubongo na utando unaoufunika kuna mishipa midogo ya damu, na inaweza kukatika. Damu inaanza kuvuja polepole. Fuvu ni mfupa, halitanuki, kwa hiyo damu inayojikusanya inaukandamiza ubongo. Hatari yake ni kwamba mtu anaweza kuongea, kutembea, hata kubishana na refa, huku ndani mambo yanaharibika. Anaposema yuko sawa huwa hadanganyi. Anavyojisikia ndivyo hivyo kweli. Ila kile kiungo anachokitegemea kujua kama yuko sawa ndicho kilichoumia.

Kwa hiyo refa wa Las Vegas hakuwahi mno. Na Gonzalez hakuwa muuaji, alikuwa kazini kama mwenzake. Wangila naye hakukosea kutaka kuendelea. Moyo ule wa kukataa kushindwa ndio uliompeleka Seoul na kumrudisha na dhahabu. Bondia hawezi kuuacha moyo huo kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ndiyo maana uamuzi wa kusimama haupaswi kuwa wake. Unapaswa kuwa wa mtu mwingine, mwenye akili tulivu, anayempenda bondia kuliko anavyoupenda ushindi.

Sasa rudi huku kwetu bara. Vijana wanapiga mazoezi Changamwe, wanapiga Kisauni, wanapiga Likoni. Wengine gunia lao limejazwa vitambaa na mchanga, glavu zinazungushwa watu wanne. Hakuna aibu hapo, mabingwa wengi wameanzia pabaya zaidi. Lakini kabla hujakubali kupanda ulingoni Jumapili, uliza maswali matatu. Nani ana ruhusa ya kurusha taulo kwenye kona yako, na je, atalirusha hata wewe ukimfokea? Kuna daktari ukumbini, au kuna mtu tu mwenye chupa ya maji? Na gari la kukupeleka hospitali liko wapi?

Swali la tatu usilidharau. Hospitali kuu ya rufaa, ile ya Makadara ambayo wazee bado wanaiita Coast General, iko kisiwani. Ukiwa Kisauni, una daraja la Nyali na foleni yake. Ukiwa Changamwe, una Makupa na malori yake. Ukiwa Likoni, una feri, na feri haijui kama una haraka. Damu ikivuja ndani ya kichwa, kila dakika ina bei yake. Mambo hayo yapangwe kabla kengele ya kwanza kulia.

Na mwenzako akipigwa kichwani mazoezini, hata kama ilikuwa sparingi tu, usimwache alale peke yake ati apumzike. Mwangalie. Akianza kulalamika kichwa kinazidi kuuma, akitapika, akichanganya maneno, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au usingizi ukimzidi hadi huwezi kumwamsha vizuri, ni hospitali moja kwa moja. Usimsikilize akisema yuko sawa.

Labda utaniuliza, kama mchezo wenyewe uko hivi, kwa nini tuendelee kumpenda Wangila? Tunampenda kwa sababu alikuwa kijana wa miaka 21 kutoka nchi ndogo kimichezo, akasimama mbele ya dunia na kufanya ambalo hakuna aliyetutangulia alikuwa amelifanya, kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kumpokonya. Mwaka ule Kenya ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, na picha zake si nyingi kama za mastaa wa leo, lakini watu wazima wanaikumbuka ngumi ile hadi sasa. Mapenzi ya namna hiyo huwezi kuyanunua kwa matangazo.

Ila ukimpenda, mpende mzima. Mzee wa maskani akitaja Seoul, wewe taja Las Vegas pia, kwa heshima, bila kumkatiza. Mwambie unajua kwamba kulikuwa na raundi ya pili na kulikuwa na raundi ya tisa. Halafu kesho jioni, kabla hujafunga bandeji, mtafute mtu wa kushika taulo lako. Mchague yule ambaye unajua kabisa hatakuogopa.