Mama Muilu Marie, Mwanamke Mwenye Haki



Tunapohesabu waliojenga kanisa, majina ya wanaume yanatujia mdomoni upesi. Leo tunataka kuwaeleza maisha ya mama mmoja. Pasipo yeye, sisi wa Itebero tusingekuwa na kanisa la kuingia.

Kwanza tuende Misri. Tangu zamani walimu wa Wayahudi walifundisha kwamba Israeli walitolewa utumwani kwa ajili ya mastahili ya wanawake wenye haki wa kizazi kile. Waliwakumbuka wakunga Shifra na Pua, waliomwogopa Mungu kuliko Farao wakakataa kuua watoto. Waliwakumbuka pia wake waliowapelekea waume zao chakula na maji mahali pa kazi, wakawatia moyo, hata watoto wakazidi kuzaliwa. Wanaume walikuwa wamechoka kungojea. Wanawake hawakuchoka.

Mama Muilu Kiawanga Marie alikuwa wa namna hiyo. Alikuwa mke wa Papa Simon Kimbangu, wa Nkamba, katika Kongo ya Chini. Wote wawili walibatizwa tarehe 4 Julai 1915 katika misioni ya Wabatisti ya Ngombe-Lutete. Mungu aliwapa wana watatu: Kisolokele, Dialungana na Diangienda.

Tarehe 6 Aprili 1921 Papa Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya wagonjwa. Watu wakaacha kazi na hospitali, wakaenda Nkamba makundi makundi. Serikali ya Wabelgiji ikaogopa. Mwezi wa Septemba wakamkamata, na tarehe 3 Oktoba baraza la askari huko Thysville likamhukumu kufa. Mfalme Albert akageuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Wakampeleka mbali sana, Elisabethville, na huko alikufa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30.

Sasa tumtazame mama aliyebaki. Wakati mume wake alipokamatwa, mtoto mkubwa alikuwa na miaka 7, wa pili 5, na mdogo 3. Maombi yalikatazwa. Waaminifu maelfu walihamishwa na jamaa zao katika pembe zote za Kongo. Wengine walifungiwa Lowa, pale ambapo mto wetu Lowa, ukiisha kupita Masisi na Walikale, unaingia katika Lualaba. Basi mateso yale hayakuwa ya watu wa mbali tu. Yalifika mpaka kwenye maji yetu.

Mama Muilu hakuwa na cheo wala jeshi. Lakini ndiye aliyeongoza kundi kwa siri, chini ya macho ya serikali. Aliwatia moyo walioachwa, akawalea wana wake katika imani ya baba yao. Kama mama anavyofunika makaa kwa majivu usiku ili asubuhi pasikosekane moto, ndivyo alivyofanya, si usiku mmoja, bali miaka 38.

Alilala katika Bwana tarehe 27 Aprili 1959. Tarehe 24 Desemba mwaka ule ule, serikali ikakubali kanisa. Mwaka 1960 mwili wa Papa Simon Kimbangu ukarudishwa Nkamba. Mwaka 1969 kanisa likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Mwana wake mdogo, Diangienda, ndiye aliyeliongoza mpaka mwaka 1992. Mama hakuyaona hayo kwa macho yake. Alipanda, wengine wakavuna.

Wapendwa, hapa ndipo tunapojifunza. Mastahili ya Mama Muilu hayakutoka katika kuwa mke wa nabii tu. Yalitoka katika kulinda alichoachiwa, bila kuona mwisho wake.

Nasi tunao wamama wa namna hiyo. Vita vilipotufukuza, wao walibeba watoto mgongoni na Biblia ndani ya kikapu. Katika pori walifundisha watoto kuomba kabla ya kula kidogo kilichopatikana. Basi tusiwaite siku ya kufagia kanisa na kupika tu, halafu tukawasahau siku ya shauri. Israeli walitoka Misri kwa ajili ya wanawake kama hao. Sisi tutawezaje kuwaacha nyuma?

Mungu awabariki. Amina.